Kumchunguza Mkwe Nyuma ya Mlima wa Moshi

Wenzangu wa karasha, mmeniuliza kila jioni tangu nirudi, na kila mmoja anauliza lake. Masanja anataka kujua kama mlima ulikuwa unatoa moto. Wanunuzi wa dhahabu wanauliza kama Wajapani wanavaa pete. Mama lishe wetu anauliza nilikula nini, na nikimjibu haamini. Nimechoka kusimulia vipande vipande huku mashine inapiga kelele, kwa hiyo nimekaa nikaandika yote kwa kufuata njia ilivyokwenda. Habari za viza, tiketi na foleni za ofisini sitaziweka, maana hazina ladha hata kwa aliyezipitia.

Anayesoma bila kunifahamu ajue hivi. Mimi ni mwenyeji wa Ushirombo, ila nina karasha hapa Geita, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, na watu wananiita Baba Kabula. Kabula ni mtoto wangu wa kwanza. Alikwenda Japani kusomea uhandisi wa maji, na alipokaribia kumaliza akatupigia simu kusema kuna kijana wa huko, jina lake Kenta, anataka kumuoa. Mama yake alikaa chini. Mimi nilizima mashine.

Ukoo ulikutana Ushirombo nyumbani kwa dada yangu mkubwa. Huyo ndiye shangazi yake Kabula, na kwetu shangazi ana kauli kwenye ndoa kuliko sisi wenye suruali. Ikaamuliwa niende mwenyewe nikamchunguze kijana huko kwao, kama tunavyomchunguza yeyote anayetoka Kahama au Chato, kisha nirudi na neno moja, ndiyo au hapana. Kabula aliniambia kwenye simu, "Baba, ukikataa nitarudi nyumbani na sitabishana. Ila usimkatae kabla hujamwona." Namjua mwanangu. Akisema hatabishana, hatabishana, na jibu langu ataishi nalo mpaka uzee.

Shangazi alinipa masharti mawili. La kwanza, nifike bila kutegemewa, nimkute kijana hajanawa uso. La pili, nisile chochote cha nyumbani kwake mpaka niwe na jibu, kwa sababu kwetu mchunguzi akishakula amekubali, na hakuna tena cha kujadili.

"Hata maji usinywe," alisema. "Ukishikwa na kiu, vumilia."

Geita mpaka Hakata

Basi la Mwanza siku hizi linapita juu ya daraja la Busisi. Hakuna tena kusubiri kivuko, na wale akina mama wa samaki wa kukaanga waliokuwa wanatufariji tukisubiri siwaoni tena. Abiria aliyekaa mbele yangu alilalamika kwamba daraja limemnyima samaki wake, na kabla hajamaliza kulalamika tulikuwa ng'ambo.

Ndani ya ndege nilipewa wali wa kumtosha kuku. Jirani yangu wa kiti alilala kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo sina habari zake. Kwenye uwanja wa kubadilishia ndege niliwasalimia watu wa kwenye foleni, kama inavyopasa ukiwakuta watu, nao wakaanza kukagua mizigo yao. Kuanzia hapo niliacha kusalimia, isipokuwa wazee.

Hakata ni stesheni kubwa katika mji anaokaa Kabula, Fukuoka. Aliponiona alipiga magoti palepale kwenye marumaru. "Shikamoo, baba." Watu walipita kushoto na kulia bila kugusana. Mwanamke mmoja alisimama, akainama karibu naye na kuanza kupekua sakafu kwa macho, akidhani mwanangu ameangusha kitu. Ilibidi Kabula amshukuru kwa kumsaidia kutafuta kitu ambacho hakikupotea.

Mpango wa Kabula ulikuwa Kenta aje mjini Jumapili, amevaa suti, tukae tunywe chai. Nikamwambia Jumapili kila mtu ni mtu mzuri. Nataka kumwona alipo. Akanieleza kwamba kijana anafanya kazi kwenye nyumba ya wageni iliyo bondeni, nyuma ya mlima wa volkano uitwao Kuju, mahali ambapo maji hutoka ardhini yakiwa ya moto. Wageni hawafiki kwa gari. Wanashuka kwenye basi upande huu, wanavuka mlima kwa miguu. Yeye mwenyewe alikuwa na mitihani, hawezi kunisindikiza. Akaiweka njia yote kwenye simu yangu na kuapa kwamba hatamwambia Kenta kitu.

"Lakini baba," akasema, akaanza kucheka mpaka akashika ukuta, "huko wewe utajificha wapi?"

Sikuona cha kuchekesha.

Treni, na basi lililoondoka tupu

Treni ya kupanda milimani ilikuwa safi, na kimya chake kilikuwa cha kanisani kabla padri hajaingia. Masanja, nadhani unakumbuka kwamba ulinipigia kuuliza spana kubwa iko wapi. Nilipokea kama tunavyopokea hapa, nikakuelekeza vizuri. Nilipomaliza, mzee mmoja akaniinamia kwa heshima na kunionyesha mlango kwa kiganja. Nikadhani stesheni yangu imefika, nikashusha begi nikatoka pale kwenye kijinafasi kati ya mabehewa. Treni haikusimama. Nilisafiri nimesimama pale hadi mwisho, kwa sababu niliona haya kurudi ndani.

Nilishuka kwenye stesheni ndogo katikati ya mashamba ya mpunga. Nje palikuwa na basi dogo, dereva amevaa glavu nyeupe, abiria wawili. Sasa mimi mabasi nayajua. Basi lenye watu wawili haliondoki. Halina konda anayeita, injini haijanguruma, hakuna hata muuza karanga dirishani. Nikaona nina muda mwingi. Nikaenda chooni, nikanawa uso, nikanyoosha viungo, nikanunua tonge la wali lililofungwa kwa jani jeusi la baharini. Niliporudi basi halikuwepo. Lilikuwa limeondoka na watu wake wawili, bila kuita mtu, bila hata honi.

Mtumishi wa stesheni alisikitika kuliko mimi. Alinionyesha saa ya ukutani, akanionyesha ratiba, akainama. Basi lingine lilikuwa la mchana. Kisha akaingia ofisini akapiga simu, akazungumza huku ananitazama kupitia kioo. Baadaye akapiga nyingine. Nilidhani anaongea na mkewe habari za chakula.

Treni iliyofuata ilimshusha bibi mmoja mwembamba mwenye begi la mgongoni na fimbo mbili za kutembelea. Umri wake ulikuwa wa kuamkiwa, kwa hiyo nilimwamkia kwa Kiswahili, naye akajibu kwa lugha yake, tukawa tumemaliza vizuri. Jina lake Bi. Hatsue. Tulikuwa tunasubiri basi lilelile. Tulizungumza kwa simu yangu inayotafsiri, mmoja anaongea, mwingine anasoma. Akafungua mfuko wa nailoni akanipa kitu cha kutafuna, cha njano iliyofifia, laini kidogo.

Nikaweka mdomoni, nikasimama.

"Matobolwa!" nilisema kwa sauti.

Yalikuwa viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa, vilevile kama vya mama yangu. Nilitoka Geita mpaka mwisho wa dunia kuja kutafuna matobolwa. Bi. Hatsue alijaribu kulitamka neno hilo, likamshinda mwishoni, akacheka, akanipa mfuko mzima.

Kwa kuwa tulishakula pamoja, nikaona huyu ndiye jirani wa kuanzia uchunguzi. Nikamuuliza kama anamfahamu Kenta wa nyumba ya wageni bondeni. Anamfahamu tangu mtoto. Ni mtu wa tabia gani? Akajibu kwamba ni mchapakazi. Anakunywa pombe? Kidogo. Kwao kuna ugonjwa wowote wa ukoo? Akaisoma simu mara mbili, akatikisa kichwa. Baba yake ni mtu gani?

Hapo Bi. Hatsue akavuta pumzi kwa meno, sauti kama ya mtu aliyeungua ulimi kwa chai. Akaiweka simu mapajani, akaangalia milima. Hakusema neno. Nikaenda kwa mtumishi wa stesheni, ambaye naye alimfahamu, nikamuuliza swali lilelile. Naye akavuta pumzi kwa meno, kisha akanionyesha tena ratiba ya basi.

Niwaeleze wale ambao hawajawahi kutumwa kazi hii. Kwetu jirani hanyamazi. Ukienda kuuliza habari za familia, jirani akisifia sana unapunguza, akiponda sana unapunguza pia. Ila akinyamaza, ujue kuna jambo zito: kuna wendawazimu, kuna uchawi, au kuna damu ya mtu. Mchunguzi akikutana na kimya anaaga anaondoka. Nilimtumia Shangazi ujumbe wa sauti nikamwambia majirani wanameza maneno. Jibu lake lilirudi haraka, nasikia na kuku wake kwa nyuma.

"Basi umeshajibiwa. Geuza."

Nilikaa na ujumbe huo mkononi. Jibu lilikuwa hapana, nami sikuwa na sababu ya kulipinga. Lakini nilikuwa nimemwahidi Kabula kwamba nitamwona kijana kabla ya kumkataa, na basi la mchana lilikuwa linaingia. Safari hii nilipanda kabla ya watu wote.

Vijiji vya mvuke

Barabara inapanda kwenye mabonde membamba, na katika mabonde hayo kuna vijiji vya maji moto. Mvuke unatoka kwenye mitaro, kwenye mabomba, nyuma ya nyumba, na hakuna anayeushangaa. Watu wazima wanavuka barabara wamevaa majoho mepesi na ndala, taulo shingoni, saa za kazi. Wanatoka kuoga nyumba hii wanakwenda kuoga nyumba ile. Mahali pote pananuka yai viza.

Kwenye kituo kimoja dereva alisimama kidogo, Bi. Hatsue akanunua mayai yaliyochemshiwa kwenye chemchemi yenyewe, na mwenye duka akatoka nje kunitazama vizuri. Dereva naye, kila aliposimama, aliongea na simu yake ndogo huku macho yako kwangu kwenye kioo. Nikajiambia hawa watu wana mambo mengi ya kuulizana. Yai lilikuwa zuri, kiini kigumu na ute laini, sijui wanafanyaje. Mama lishe, usijaribu.

Juu, penye kengele

Basi lilitushusha chini ya mlima mimi na Bi. Hatsue, naye alikuwa anakwenda nyumba ileile ya wageni. Mimi si mtu wa milima. Kwetu mtu akipanda kilima ana mbuzi aliyepotea au anatafuta mtandao wa simu. Bi. Hatsue alipanda bila kusema kitu, fimbo zake zikigonga mawe, nami nilimfuata nikihema. Njia ilikuwa pana na ya mawe tupu. Aliniandikia kwenye simu kwamba zamani watu walichimba salfa hapa, na hii tunayokanyaga ilikuwa barabara yao.

Hapo nilisimama nikatazama. Ubavu wa mlima ulikuwa unatoa moshi mweupe kwa kelele ya chini chini, na mawe kuuzunguka yamekuwa ya njano. Masanja, moto haukuonekana, lakini moshi ulikuwepo wa kukutosha. Kilichonishangaza ni kingine. Mlima mzima una mali, na hakuna duara, shimo la wachimbaji, hata moja, hakuna mtu anayepima mawe kwa macho. Wameuzungushia kamba wakauacha. Nilitaka kuokota jiwe moja tu niwaonyeshe nyumbani. Bi. Hatsue akanigonga mkono kwa fimbo.

Ukungu ulishuka tukiwa karibu na juu. Haukuja kidogo kidogo. Tulikuwa tunaona, halafu hatuoni. Nilikuwa namfuata Bi. Hatsue kwa mlio wa fimbo zake, na kusema kweli niliogopa, kwa sababu moshi wa salfa na ukungu vilikuwa na rangi moja na sikujua ninavuta kipi. Kisha nikasikia kengele. Ikapigwa, ikanyamaza, ikapigwa tena, juu upande wa kulia. Bi. Hatsue akageukia huko na kuongeza mwendo.

Njia ilipofika juu ilikuwa imebana, upande mmoja mawe makubwa, upande mwingine kamba ya kuzuia watu. Kengele iliacha kulia. Kijana akatokea kwenye ukungu amevaa koti la bluu, akitushukia. Nilimtambua kwa picha za Kabula. Alisimama mbele yangu akainama sana.

"Shikamoo, baba," alisema kwa Kiswahili cha kufundishwa na Kabula.

"Marahaba," nikajibu kabla sijafikiri.

Kwetu kijana anayetaka kuoa akikutana na baba wa binti kwenye njia nyembamba, anapisha. Anatoka njiani kabisa, anaangalia chini mpaka mzee apite. Huyu alisimama katikati ya njia akaninyooshea mikono miwili, na mimi nina hapana mdomoni. Mtu unayekwenda kumkataa humpi mkono. Nikaona nipishe mimi. Nikakanyaga nje ya njia, kokoto zikakimbia chini ya kiatu, mguu ukageukia ndani, nikakaa chini kwa kishindo. Kifundo kilianza kuvimba hapohapo.

Kenta alipiga magoti mbele yangu. Alinivua kiatu, akakagua, akanifunga kwa kitambaa. Kisha akanigeuzia mgongo akachuchumaa.

"Panda, baba."

Nilimtazama Bi. Hatsue, naye alikuwa ameshachukua begi langu. Nikapanda. Alinibeba kuvuka uwanda mpana wa mchanga ambako mawe yamepakwa rangi ili watu wasipotee, na kwenye mteremko wa majabali tulishuka kwa makalio, yeye mbele anapokea miguu yangu. Njiani nikamuuliza amejuaje.

"Wote wamenipigia simu," alisema. "Stesheni. Dereva. Duka la mayai. Walisema mgeni kutoka Afrika amekosa basi, anauliza habari zangu. Nikaona ukungu, nikapanda kupiga kengele ya kuwaongoza wapanda mlima."

"Umenawa uso leo?"

Alifikiri kidogo. "Mara mbili."

Ndipo nikaelewa kicheko cha Kabula.

Bondeni

Nyumba ya wageni iko peke yake, majani marefu mbele, mlima nyuma. Kenta alinikalisha kwanza kwenye kijito cha maji baridi mpaka mguu ukafa ganzi. Kisha akaniletea chakula kwenye sinia: wali, supu, mboga za mlimani, samaki wa kuchoma na chumvi. Nilikuwa na njaa ya kweli. Nikamwambia nimeshiba. Akaleta chai, nikasema sina kiu. Aliondoa vyote bila kuuliza. Alipotoka nilikula matobolwa ya Bi. Hatsue nimegeukia ukutani.

Jioni akaja na taulo mbili kunipeleka kwenye bafu la maji moto. Nilidhani atanionyesha mlango aondoke. Akaanza kuvua shati.

Naomba msicheke. Kwetu baba mkwe na mkwe hawaogi hata sehemu moja ya mto. Wakikutana kwa bahati mbaya mbuzi anachinjwa, na aibu haiishi haraka. Nikamwambia aniache.

"Kwetu mtoto anamwosha baba yake mgongo," alisema. "Ni heshima."

"Kwetu ni balaa."

"Najua. Kabula aliniambia. Alisema utakataa."

"Sasa unauliza ya nini?"

Alikaa kwenye kigoda, shati mkononi. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, anatafuta neno, analipata, analiweka.

"Mimi sijawahi kumwosha baba yangu," alisema. "Aliondoka nikiwa mdogo. Alisema anakwenda mjini kununua vifaa. Hakurudi. Sijui yuko wapi, sijui kama anaishi. Mama alikufa. Bibi alinilea, naye alikufa. Kabula ameniambia ukoo wako utauliza, watu wa Kenta ni akina nani? Nani atakaa upande wake? Mimi sina mtu wa kuleta."

"Majirani zako wanafahamu?"

"Wote. Hawasemi. Wananiachia niseme mwenyewe." Akaniangalia. "Kama ukikataa kwa sababu hiyo, niambie mimi kwanza. Nitamwambia Kabula mwenyewe. Usimbebeshe yeye."

Nilimhurumia, na niliona aibu kwa lile neno nililopanda nalo mlimani siku nzima. Kimya cha Bi. Hatsue nilikuwa nimekisoma kwa macho ya Ushirombo. Pale ukutani maji yalikuwa yanaingia kwenye bwawa la mawe, meupe kama maji ya kuoshea mchele, na hakuna mtu mwingine aliyekuwepo. Nilifikiri habari za Shangazi. Nilifikiri habari za mbuzi.

Sikusema ndiyo. Nilivua nguo, nikakaa kwenye kigoda kingine, nikamgeuzia mgongo.

Aliniosha taratibu, kama mtu anayeosha kitu alichoazima. Alipofika begani akaacha kidogo, nikasikia anapumua kwa shida, sikugeuka. Kisha akanimwagia maji. Tuliingia bwawani, mimi mguu mmoja nje kwa amri yake, na tukakaa humo mpaka vidole vikakunjamana.

Tulipotoka nikamuuliza ule wali uko wapi. Akasema umepoa. Nikamwambia lete hivyo hivyo. Nikala wali, samaki, mboga zote, na supu nikainywa mpaka chini, yeye amekaa mbele yangu hajui kwa nini mtu aliyeshiba anakula hivyo.

Kurudi

Nilikaa bondeni mpaka mguu ukakubali kukanyaga. Kurudi hatukupanda mlima. Kumbe gari linalobeba mchele na gesi lina njia yake ya nyuma, ila si ya wageni wenye miguu mizima. Bi. Hatsue alikuwa ameshaondoka na fimbo zake. Kwenye stesheni yule mtumishi alinisindikiza hadi mlango wa treni, akasimama pale mpaka ilipoondoka, nadhani kwa kuhakikisha.

Kabula alikuwa ananisubiri Hakata. Aliangalia mguu uliofungwa, akaangalia uso wangu. Jibu la mchunguzi hupelekwa kwa ukoo kwanza, naye analijua hilo, kwa hiyo hakuniuliza jibu. Tulitembea hadi chumbani kwake, akaweka maji jikoni, akauliza akiwa amenipa mgongo.

"Huko ulikula, baba?"

"Nilikula."

Alishika ukingo wa jiko kwa mikono miwili. Maji yalichemka, yakaendelea kuchemka, na hakuna aliyeyaondoa.

Ushirombo

Ukoo ulikaa kwa Shangazi baada ya misa ya Jumapili. Alikuwa amepanga viti kwa desturi, pande mbili zinazotazamana: upande mmoja wenye binti, upande wa pili wanaoomba. Upande wetu tulijaa, wajomba, wadogo zangu, mama yake Kabula amejitanda kanga. Upande wa pili ulikuwa viti vitupu. Nilijua aliviweka makusudi.

Nikasimulia kama nilivyowasimulia ninyi. Nilipofika kwenye bafu, mdogo wangu wa mwisho alitoka nje kucheka. Shangazi hakucheka. Aliuliza kama kijana ni mchapakazi, nikasema ndiyo. Akauliza dini, nikasema hilo la padri, na amekubali kukaa naye. Akauliza kama nilikula.

"Nilikula."

"Ulikula kabla ya kutuuliza. Haya, umekula. Mimi sina ugomvi na kijana. Nina ugomvi na vile viti." Akavielekezea kidole. "Ng'wanawane, mwanangu, ndoa ni ya watu na watu. Binti yetu akipigwa, tukamlalamikie nani? Akifiwa, nani atakuja kulia? Mtu asiye na baba wala mjomba wa kukaa pale, tukisema ndiyo tunamwambia nani?"

Alikuwa amesema kweli. Mama Kabula alikuwa ananiangalia mimi. Nilikuwa nimekuja na neno langu moja, na niliona halitoshi.

Nikasimama. Nikabeba kiti changu, mguu bado unauma, nikavuka uwanja. Nikakiweka kule kwenye viti vitupu, nikakaa nikawatazama ndugu zangu wote.

Mama Kabula ndiye aliyeelewa wa kwanza. Alivuta kanga usoni na kugeuka pembeni, kama inavyompasa mama wa binti mbele ya wakwe.

Shangazi alinitazama. Kisha akajiweka sawa kitini, na akabadilisha sauti, ile anayowapokelea wageni.

"Karibuni. Mmetoka wapi?"

"Tumetoka mbali," nikasema. "Nyuma ya mlima."

"Mmekuja na shida gani?"

"Tumesikia hapa kuna binti anaitwa Kabula. Tumekuja kumwombea kijana wetu Kenta."

"Na wewe unayemsemea," akauliza Shangazi, "ni nani wake?"

"Baba yake," nikajibu.